Ile CD ya raga: kwa nini Madden iliwashika vijana wa Kisanga

Ukinunua PS2 ya mtumba unajua haiji peke yake. Inakuja na mfuko wa CD: PES kama nne hivi, San Andreas, God of War yenye mikwaruzo, halafu kuna ile CD moja ambayo hakuna anayejua imetoka wapi. Kwenye kibanda kimoja cha gemu Kisanga, huku Kilosa upande wa Mikumi, CD hiyo ilikuwa Madden NFL 08. Mwenye kibanda alikuwa anaitumia kuwekea kikombe cha chai.

Jumamosi moja PES ikagoma kusoma, benchi limejaa. Jamaa akaifuta ile CD kwa fulana yake, akaiingiza. Mashine ina chipu, inameza chochote. "Anko, hiyo si raga hiyo?" dogo mmoja akauliza, wote wakacheka. Waliicheka kwa kama robo saa. Baada ya hapo waliicheza wiki nzima, hata ilipopatikana PES nyingine nzima kabisa.

Mimi nilikuwepo, na nakiri nilienda pale kucheza PES. Lakini swali likanikaa kichwani. Hawa ni vijana ambao hawajawahi kuona mechi ya NFL, sheria hawazijui, na maandishi yote ya kwenye skrini ni Kiingereza cha makocha. Hakuna Simba wala Yanga humo, hakuna Messi. Sasa kilichowashika ni nini?

Kwanza tuelewane kuhusu mchezo wenyewe, kwa sababu jibu limejificha kwenye sheria zake. Timu ni 11 kwa 11. Timu yenye mpira ina majaribio manne ya kusogea yadi 10, yaani mita 9 na kidogo. Ikifika, inapewa majaribio mengine manne. Isipofika, mpira unaenda kwa wenzao. Kila jaribio huchukua sekunde chache tu: mpira unatolewa, watu wanagongana, mmoja anaangushwa, filimbi. Halafu kila kitu kinasimama, na timu zote mbili zinapanga upya.

Huko kusimama ndiko kunakotuchosha sisi tuliokulia kwenye soka. Mwaka 2010 gazeti la Wall Street Journal lilipima matangazo ya mechi za NFL, likakuta kwamba katika matangazo ya saa tatu na zaidi, mpira unachezwa kwa takriban dakika 11. Dakika 11! Muda uliobaki ni watu kusimama, kujipanga, kunywa maji, marudio na matangazo ya biashara. Ukiwa mtazamaji, unauliza lini mpira utaanza.

Ukishika pedi mambo yanageuka. Kile kituo kinakuwa chako.

Kwenye Madden, kabla ya kila jaribio, skrini inakuletea michoro ya mipango, mitatu mitatu. Duara ni watu, mishale ni njia watakazokimbia. Wewe una michoro yako, mwenzako aliyekaa bega kwa bega na wewe ana ya kwake ya ulinzi. Wote mnatazama TV moja, kwa hiyo anaona machaguo yako na wewe unaona yake. Ila kitufe ulichobonyeza kinajulikana na kidole chako tu. Ndiyo maana siku ya pili niliona vijana wameanza kuficha pedi chini ya shati. Hakuna aliyewafundisha. Mmoja alikuwa anabonyeza kwa kidole gumba huku anamwangalia mwenzake usoni na kutabasamu, kama mcheza karata.

Halafu mpira unatoka, na ndani ya sekunde tatu au nne unajua kama uliwaza vizuri au ulidanganywa.

We fikiria PES. Ukifungwa, kwa nini umefungwa? Labda beki wako alizubaa, labda pasi ilikuwa mbaya dakika moja nyuma, labda mashine imekuonea (hilo ndilo jibu maarufu kuliko yote pale kibandani). Soka linatiririka, sababu na matokeo vimechanganyika kama uji. Kwenye Madden kila kosa lina anwani. Nilidhani atapiga pasi ndefu, nikarudisha walinzi nyuma, yeye akakimbia katikati. Basi. Jaribio linalofuata najua la kujaribu. Kwa maoni yangu hiki ndicho kivutio chenyewe: gemu inakulazimisha ubashiri kitu waziwazi, halafu inakujibu papo hapo, na inarudia hivyo mara nyingi sana kwenye mechi moja.

Wazee wetu wanalijua jambo hili kwa jina jingine. Nenda kwenye kijiwe cha drafti, au kwa wanaocheza bao: mashimo 32, kete 64, na mtu anaweza kuzubaa juu ya shimo moja huku watu wanamzomea. Muda wa kufikiri ni sehemu ya mchezo. Dogo mmoja alimwambia mwenzake aliyekuwa anachelewa kuchagua, "Unacheza bao wewe?" Alikuwa anamkejeli, lakini kwangu ilikuwa tafsiri sahihi kuliko "raga".

Historia ya gemu hii nayo inaonyesha kuwa haikuwa bahati. Trip Hawkins, aliyeanzisha Electronic Arts mwaka 1982, alimfuata John Madden, kocha aliyewapa Oakland Raiders ubingwa wa Super Bowl Januari 1977 na ambaye baadaye akawa mtangazaji. Madden alikuwa anaogopa kupanda ndege, kwa hiyo mazungumzo muhimu yalifanyika kwenye treni. Kompyuta za wakati ule zilikuwa dhaifu, na wahandisi walitaka kupunguza watu wawe 7 kwa 7. Madden akakataa: bila watu 11 kila upande, huo si mpira. Gemu ikachelewa miaka, ikatoka 1988 kwenye Apple II. Mtu anaweza kuona ule ni ubishi wa mzee. Lakini ukiondoa watu wanne kila upande, mipango mingi inakufa, maana hakuna tena wa kudanganyia. Kocha yule alikuwa analinda ule ubao wa michoro. Hata kwenye toleo la 08 yupo humo ndani: ukishindwa kuchagua, unaweza kumuuliza Madden akupendekezee mpango. Vijana wa Kisanga walikuwa wanambonyeza sana siku ya kwanza. Kufikia siku ya nne ukimuuliza Madden unachekwa.

Hapo ndipo sayansi inapoingia. Mwaka 1973 William Chase na Herbert Simon walichapisha majaribio yao maarufu kuhusu wacheza chesi. Waliwaonyesha watu ubao wenye vipande kwa sekunde chache, kisha wakawaambia waupange upya kwa kumbukumbu. Kama ubao ulitoka kwenye mechi ya kweli, bingwa aliupanga vizuri kuliko mwanafunzi, tena kwa mbali. Vipande vilipotawanywa ovyo, bingwa akawa karibu sawa na wengine. Kwa hiyo kumbukumbu ya bingwa haikuwa kubwa kuliko ya wengine. Alikuwa anaona mafungu: hapa ngome, pale shambulizi, kwa jicho moja. Nilichokiona pale kibandani kilifanana sana na hicho. Jumamosi walikuwa wanaona watu 22 waliosimama. Alhamisi kulikuwa na mmoja anasema, "Amewaleta wote mbele, nyuma kweupe," kabla mpira haujatoka. Neno la Kiingereza la mbinu hiyo hakulijua, na hakulihitaji.

Najua kuna msomaji ameshaandaa jibu fupi: dopamini. Kila mtu siku hizi anasema dopamini. Gemu inamwaga dopamini kwenye ubongo, kwa hiyo gemu ni kama madawa, mwisho wa habari. Ngoja tuiangalie hoja hiyo vizuri, maana inarudiwa hata na watu walioenda shule.

Utafiti unaotajwa mara nyingi ulichapishwa na Koepp na wenzake kwenye jarida la Nature mwaka 1998. Wanaume 8 walicheza gemu ya kuendesha kifaru huku ubongo wao unapimwa, na walilipwa pesa kwa kila hatua waliyovuka. Dopamini iliongezeka sehemu ya ndani ya ubongo iitwayo straiatamu. Ulikuwa utafiti mzuri na wa mwanzo kabisa wa aina yake. Ila angalia ulilinganisha na nini: kutazama skrini tupu. Kati ya mtu anayefukuzia hela kwa kifaru na mtu anayetazama skrini isiyo na kitu, ungetegemea tofauti gani? Na watu 8, wote wanaume. Huwezi kutoka hapo ukafika kwenye "gemu ni madawa" bila kuruka mito kadhaa.

Kinachonisaidia zaidi ni kazi ya Wolfram Schultz kwa nyani, ambayo yeye, Peter Dayan na Read Montague waliieleza kwenye jarida la Science mwaka 1997. Nyani akipewa juisi bila kutegemea, seli za dopamini zinalipuka. Akishajifunza kuwa taa ikiwaka juisi inakuja, seli zinalipukia taa, na juisi yenyewe ikija haileti mlipuko tena. Taa ikiwaka juisi isije, seli zinanyamaza chini ya kawaida yake. Yaani seli zile zinahesabu tofauti kati ya ulichotegemea na ulichopata. Ni alama ya kujifunza.

Sasa rudi kwenye ule ubao wa michoro. Unabashiri, unapata, unapima tofauti, unabashiri tena. Sisemi kuwa nimepima ubongo wa mtu yeyote Kisanga. Mashine ya kupimia haipiti kwenye mlango wa kile kibanda. Nasema tu kwamba ukitaka kutumia neno dopamini, litumie kwa maana yake, na utajikuta unazungumzia mwanafunzi aliyekaa kwenye benchi, hata kama ada anayolipa ni ya mechi.

Kuhusu ada, hapa pana tatizo la kweli, na ni la mwenye kibanda. Mechi ya PES aliiuza shilingi 200, dakika zinahesabika, aliyefungwa anapisha. Mechi ya Madden inakula muda kwa sababu ya vile vituo. Alipunguza urefu wa robo, bado ikachukua nusu saa na zaidi. Akapandisha bei hadi 500, vijana wakachanga wawili wawili. Mwishowe akawa anasimama nyuma yao anafoka, "Chagueni jamani, umeme unaliwa!" Namwelewa kabisa. Yeye anauza muda wa mpira kuchezwa, na uzuri wa gemu hii uko kwenye muda ambao mpira hauchezwi.

Sasa nije kwenye yale yanayonikera.

La kwanza ni miili. Kuna kijiti cha kulia kwenye pedi: ukikisukuma wakati unaofaa, mlinzi wako anamgonga mtu mpaka mpira unaruka. Kilianza kwenye toleo la 2005, na pale kibandani ndicho kilichopendwa na wote, nikiwemo mimi. TV inatetemeka, benchi zima linapiga kelele, aliyegongwa anainuka, tunachagua mpango mwingine. Mtu wa kweli hainuki hivyo. Mwaka 2017 Ann McKee na wenzake walichapisha kwenye jarida la JAMA uchunguzi wa bongo za marehemu waliowahi kucheza NFL: kati ya 111, bongo 110 zilikuwa na ugonjwa wa ubongo unaohusishwa na kugongwa kichwa mara kwa mara. Tahadhari ya haki: bongo hizo zilitolewa na familia, na familia nyingi zilikuwa tayari zimeona dalili, kwa hiyo huwezi kusema ndivyo ilivyo kwa wachezaji wote. Lakini ni 110. Toleo la mwaka 1992 la gemu hii lilikuwa na gari la wagonjwa linaloingia uwanjani na kuwagonga wachezaji njiani, kama kichekesho. Ilibidi ifike Madden NFL 12 ndipo aliyepata mtikisiko wa ubongo azuiwe kurudi kwenye mechi. Kituo kile kati ya majaribio, ambacho nimekisifia hapa aya kumi nzima, kwenye uwanja wa kweli ndicho kinachompa daktari sekunde za kuamua kama mtu anajua yuko wapi. Gemu yetu ya 08 inakifuta kipande hicho, na inavutia zaidi kwa kukifuta. Siwezi kujifanya sioni.

La pili ni yale yaliyofuata baadaye. Desemba 2004 EA walisaini mkataba wa kuwa peke yao wenye haki ya kutumia NFL kwenye gemu za aina hii. Mwaka huohuo mshindani wao, ESPN NFL 2K5, alikuwa ameingia sokoni kwa dola 20 tu na kuwatia joto. Baada ya mkataba, joto likaisha. Ukitaka NFL ya kweli kwenye aina hiyo ya gemu, duka likabaki moja.

Halafu kampuni zikagundua kuwa kituo kinauzika. FIFA ilianza na Ultimate Team mwaka 2009, Madden ikafuata 2010. Unajenga timu kwa kufungua pakiti za wachezaji. Unaweza kuzipata kwa kucheza sana, au kwa kulipa. Ndani ya pakiti hujui kuna nani. Tazama vizuri kilichobadilika. Kwenye ubao wa michoro, ukibashiri vibaya unajifunza kitu kuhusu mwenzako. Kwenye pakiti, ukikosa hujifunzi chochote, kwa sababu hakuna cha kujifunza. Ni namba za nasibu. Zile seli za Schultz zinaendelea kuhesabu tofauti, ila hesabu haikupeleki popote. Ubelgiji mwaka 2018 iliamua pakiti za namna hii ni kamari, na EA wakaacha kuziuza huko kwa pesa kuanzia mwisho wa Januari 2019. Huku kwetu hazihitaji hata PlayStation. Tangu Konami waigeuze PES kuwa eFootball ya bure mwaka 2021, dogo mwenye simu na bando anazo mfukoni, na bado kubeti kupo mlango wa pili.

Kwa hiyo nitasema jambo ambalo wapenda picha nzuri hawatalipenda: kama gemu ya kufikiri, ile Madden ya 08 kwenye mashine ambayo haijawahi kuona intaneti ni bora kuliko nyingi zinazotoka leo. Nyasi zake zinafanana na zulia la msikitini, na watazamaji jukwaani ni karatasi. Lakini haiwezi kukuuzia chochote. Ukikaa mbele yake, anayeweza kukuzidi ni yule uliyekaa naye.

Mwaka 2006 Richard Ryan, Scott Rigby na Andrew Przybylski waliuliza wachezaji kinachowavuta kwenye gemu, wakakuta mambo matatu yanabashiri raha ya mtu: kujiona anaweza, kujiona anachagua mwenyewe, na kuwa pamoja na wengine. Hayo mawili ya kwanza nimeshayasemea. La tatu nililiona jioni ya Ijumaa. Dogo mmoja anayesoma kidato cha pili alikuwa anapekua orodha ya timu ya New York Giants, akasimama ghafla. "Anko, huyu Kiwanuka si Mganda huyu?"

Ni kweli, ana asili ya Uganda. Mathias Kiwanuka alizaliwa Indianapolis, na babu yake ni Benedicto Kiwanuka, aliyekuwa waziri mkuu wa kwanza wa Uganda, kisha jaji mkuu, akauawa mwaka 1972 wakati wa Amin. Giants walimchukua mjukuu huyo mwaka 2006. Nilipowaeleza hayo, kibanda kizima kikahamia Giants. Kufika saa mbili usiku hakuna aliyekubali kuchukua timu nyingine, ikabidi mwenye kibanda arushe sarafu. Kiwanuka akawa anapangwa hadi kwenye mipango isiyomhusu, na kila akimwangusha mtu linatajwa jina lake kwa sauti.

Robo ya tatu CD ikakwama. Picha ikaganda, watu 22 wamejipanga, mpira haujatoka. Mwenye kibanda akaitoa, akaipaka dawa ya meno kwa kidole, akaisugua taratibu kutoka katikati kwenda nje, akaisuuza kwenye beseni. Wale wawili waliokuwa wanacheza hawakuinuka. Walikaa wameshika pedi, wanabishana kwa sauti ya chini: ilikuwa jaribio la tatu na yadi 6, mechi itaanza upya, lakini mmoja alitaka mwenzake aape, mbele ya watu, ni kitufe gani alikuwa amebonyeza.